Pembe ya Baba na Vita vya Ndiva

Ikongwe, Same
14 Julai 2024

Mdogo wangu Anderson,

Salamu nyingi kutoka huku baridini. Sisi ni wazima, ukiacha goti langu la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Ng'ombe amezaa ndama jike, na tangawizi imekubali mwaka huu. Msalimie wifi yangu Rogathe, mwambie mbegu za maboga alizoniomba nimeshazianika.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu siku hizi haisikiki mpaka niweke sauti ya nje, na ukipiga wewe majirani zangu wote wanakumbuka ghafla kuja kuazima chumvi. Barua atakuletea Naisenya, yule mama wa Kimasai anayepandisha maziwa na kushusha ndizi. Yeye hana upande katika ugomvi wetu.

Habari kubwa ni kwamba Agape ameposwa. Kijana anaitwa Rodrick, wa Usangi, fundi umeme, mpole na mlaji mzuri. Harusi ni Jumamosi, tarehe 28 Desemba, wakati watoto wa mjini wamerudi kwa Krismasi. Unajua kwetu binti hatoki mlangoni mpaka mjomba wake amshike mkono. Shemeji yako hayupo tena duniani, na mjomba Agape anaye mmoja tu.

Sasa naambiwa huyo mjomba mmoja amesimama mbele ya watu wa huko kwenu Mroyo akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga Ikongwe mpaka kamati ya bwawa letu la ndiva iwape viti. Nimemjibu aliyeniletea habari kuwa ni uongo, mdogo wangu hana hasira za namna hiyo, labda kwa mtu aliyeazima baiskeli yake. Niandikie upesi uniambie kwamba nilisema kweli.

Dada yako,
Beatha


Mroyo, bondeni
2 Agosti 2024

Dada Beatha, shikamoo.

Barua yako ilikaa kwa Naisenya muda mrefu kwa sababu punda wake aliumia kwato. Sisi tuko salama. Rogathe anashukuru kwa mbegu. Mwanetu wa mwisho amepata kazi Moshi kwenye duka la vipuri. Agape mpe pongezi zangu zote. Nimekumbuka alivyokuwa analala mgongoni kwangu akiwa ameshika sikio langu, ukimwachisha anaamka.

Dada, ulichosikia ni kweli.

Naomba sababu uisikie kwangu. Ndiva ni bwawa la babu zetu wote. Limejengwa huko juu kwa kuwa chemchemi iko huko, lakini mfereji unashuka mpaka huku. Siku ya msaragambo tulikuwa tunakuja sote, kila mtu na jembe lake, tunazoa tope, tunaziba ukuta, halafu tunakula pamoja. Mwaka huu kamati yenu chini ya Mwenyekiti Melkizedeki imekaa peke yake na kuamua peke yake kwamba kila nyumba ya Mroyo ilete watu kila wiki na kupandisha viroba vya mchanga. Tukauliza ni nani wa Mroyo aliyekuwa kwenye kikao hicho. Tukajibiwa kuwa viti vimejaa. Basi hatukwenda. Wakashuka wakachukua masufuria ya waliokosa kazi, kisha wakatufungia maji. Kuchukua sufuria ya mtegaji ni desturi, sikatai, lakini walichukua mpaka ile kubwa ya mama yenye mkono mmoja.

Hapo ndipo Mwalimu Loth, anayefundisha historia sekondari, akatuambia kuwa jambo hili si geni. Zamani Marekani ilikuwa makoloni ya Mwingereza, wakatozwa kodi na bunge ambalo hawakuwa na mtu wao ndani. Wakamwaga chai ya watu baharini na vita vikaanza. Mtu akauliza walishinda au walishindwa. Mwalimu akasema walishinda, na kikao hakikuhitaji tena maelezo. Sisi bahari hatuna na chai tunaipenda, kwa hiyo tuliapa tu.

Nimechaguliwa kamanda kwa kuwa nilipitia JKT. Mwalimu anasema wale Wamarekani walikuwa na wakulima wanaoweza kuitwa wakatoka na silaha ndani ya dakika moja, nasi tumeanza mazoezi ya namna hiyo. Zaidi ya hapo ni siri ya ulinzi. Kuhusu harusi, niombee.

Mdogo wako,
Anderson


Ikongwe
25 Agosti 2024

Kamanda Anderson, marahaba.

Goti langu limepoa, sasa ni kiuno. Ndama tumemwita Neema, kisha tukagundua jirani ana mjukuu wa jina hilo, kwa hiyo tunamwita Ndama. Rodrick alikuja kutusalimia, akaweka taa mpya jikoni, akala sahani mbili akasema ameshiba kwa adabu tu.

Nimesoma habari za jeshi lako nikafurahi kuona JKT haikusahaulika. Ila mimi nakumbuka barua ulizoniandikia kutoka kambini. Zilinukia vitunguu. Mwaka mzima ulikuwa jikoni, ukinisimulia jinsi ya kupikia watu mia. Je, wanajeshi wako wanalijua hilo, au nalo ni siri ya ulinzi?

Mimi pia nina siri zangu. Kwa mfano, siwezi kukuambia kuwa masufuria yote yaliyotekwa yamefungiwa kwangu kwa sababu ni mimi mwenye chumba chenye kufuli. Wala siwezi kukuambia kuwa ile kubwa ya mama haikufungiwa kabisa, iko mekoni, na makande yanaiva ndani yake kama zamani.

Kanisani mahubiri yamekuwa marefu, na kiuno hiki hakiniruhusu kukaa kwenye benchi mpaka mwisho. Huwa natoka mapema, napitia njia ya ndivani kunyoosha miguu. Watu wote wakati huo wako ibadani, Melkizedeki akiwa benchi la mbele. Kuna utulivu sana pale kwenye mlango wa maji.

Agape ananiuliza mjomba amesema nini. Nimemwambia una mafua. Anderson, katika hili sitanii. Mtoto huyu alimzika baba yake akiwa darasa la tatu, na siku ile wewe ndiye uliyemshika mkono. Nataka mkono huo huo siku ya harusi, sitaki mwingine.

Dada yako,
Beatha


Mroyo
20 Septemba 2024

Dada, shikamoo.

Pole kwa kiuno, ingawa watu wa Mroyo wanakiombea kisipone haraka. Hawajui wanaombea nini. Wanajua tu kwamba kila Jumapili saa za ibada maji hushuka, wanayaita maji ya muujiza, na Walutheri wawili waliokuwa wameacha kanisa wamerudi. Mimi siulizi chochote. Lakini Jumapili mbili hizi muujiza umekuwa mwembamba na una rangi ya udongo, na miche yangu ya vitunguu inakauka nikiiangalia.

Jeshi limepata ajali. Mwalimu Loth alisema kule Marekani walitundika taa kwenye mnara wa kanisa kuonyesha adui anapita njia gani. Nasi tukakubaliana: kitenge chekundu kimoja kwenye mti wangu wa mgrivelia maana yake adui anashuka kwa barabara, viwili maana yake anapita msituni. Siku ya Jumanne Susana, mke wa Lazaro, alifua majoho ya kwaya. Unayajua yalivyo mekundu. Kamba yake ilikuwa imejaa, akamwomba Rogathe aazime tawi.

Dada, kwa hesabu ya majoho yale adui alikuwa anakuja kwa njia zote zilizopo duniani. Wengine walikimbilia barabarani, wengine msituni, wengine chini ya vitanda. Askari wetu wa dakika moja walikamilika wakati wa chakula cha mchana. Mmoja alikuja na mwavuli. Tukakubaliana tusilizungumze tena.

Kuhusu harusi, nimefikiri sana. Niliapa mbele ya watu, wakanipa uongozi kwa sababu ya kiapo hicho. Nikipanda kwenda kucheza ngoma Ikongwe wakati mashamba yao yanakauka, nitarudi vipi hapa? Rogathe atakuja kwa niaba yangu amshike Agape mkono. Nimeandika maneno haya mara kadhaa na kuyachana. Naona uchungu, dada, usidhani sioni.

Anderson


Ikongwe
13 Oktoba 2024

Anderson,

Tu wazima.

Wifi yangu kwa sasa nampenda kuliko wewe, lakini hajawa mjomba na hatakuwa. Barua yako Agape aliikuta mezani akaisoma. Hakulia. Alikwenda kumwaga maji ambayo yalikuwa safi, akachota mengine.

Unauliza kwa nini maji ni membamba. Ndiva imejaa tope, karibu lifike ukingoni. Tangu ugomvi uanze hakuna msaragambo. Melkizedeki alinunua kipaza sauti, akapita akitangaza kazi, wakaja wazee wachache na mbwa wao, wakaangalia tope, wakarudi. Hata watu wetu wa Ikongwe hawatoki kwa ajili ya kile kidude. Zamani baba hakusema neno. Alipuliza pembe mara moja, na hata mgonjwa aliweka mguu chini akitafuta jembe.

Vuli inakaribia. Mvua kubwa ikikuta tope lile halijazolewa, ukuta utapasuka, na maji hayatapanda kuja kwangu. Yatapita Mroyo, yataanza na nyumba yako. Nimemwambia Melkizedeki mara nyingi. Anasema Mroyo wakiomba radhi watasaidiwa. Wewe ukiambiwa utasema wakupe kiti kwanza. Mko wanaume wawili mmekaa kila mmoja upande wake wa tope.

Jambo jingine dogo. Nimesikitika kuhusu majoho. Mimi sijui mambo ya vita, lakini kama unatafuta ishara ya kuita watu, si una pembe ya baba? Uliichukua wewe kwa kuwa ndiwe mtoto wa kiume, na sikusema kitu. Nadhani bado inaning'inia juu ya kitanda chako. Inasikika mbali kuliko joho, na Susana hawezi kuifua.

Beatha


Mroyo
27 Oktoba 2024

Dada, shikamoo.

Barua fupi, Naisenya ana haraka. Pembe nimeishusha, nimeipaka mafuta, haijapasuka. Kamati ya ulinzi imeipokea kwa makofi. Nimewaambia ni wazo langu.

Mwambie Agape anisamehe. Au usimwambie, nitamwambia mwenyewe siku moja.

Anderson


Ikongwe
6 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nimesikia, wala sitasema kwa nani, kwamba Jumamosi hii asubuhi watu wa huku wanashuka kwenu kuchukua mbuzi. Wekeni mlinzi. Akiona vumbi tu, usisubiri, puliza.

Ichome moto barua hii.

B.


Mroyo
12 Novemba 2024

Dada Beatha,

Leo salamu zitakuja mwisho, maana nina jambo kifuani.

Jumamosi nilimweka mlinzi juu ya jiwe la njia panda, Mzee Methusela, aliyejitolea kwa sababu jiwe lile linapata jua mapema. Akaona vumbi, akapiga kelele kwamba wanakuja. Lilikuwa vumbi la punda wa Naisenya, lakini hilo tulilijua baadaye. Nikapuliza pembe. Tangu baba afariki hakuna aliyekuwa ameipuliza, na mimi mwenyewe nilisisimka.

Milango ikafunguka, watu wakatoka ndani ya dakika moja kama wale wa Marekani. Nikafurahi sana. Halafu nikaona walichobeba. Walibeba majembe, makoleo na makarai. Mzee Methusela alikuwa ameshuka kwenye jiwe, kapita nyumbani kwake, na sasa yuko mbele ya wote na jembe begani.

Nikamwuliza, "Mzee, rungu lako liko wapi?"

"Rungu la nini? Pembe imelia."

"Imelia ya vita, mzee. Tulikubaliana kwenye kikao."

"Kikao kilikuwa juzi," akasema, na hakusimama. "Pembe hii nimeitikia tangu sijaota ndevu. Nipishe."

Wakanipita wote. Nikaamuru wasimame, wakaniona kama mtu anayezungumza na kuku wake. Ndipo nikafanya kosa langu kubwa: nikapuliza pembe ili kuwarudisha. Walizidisha mwendo. Nikapuliza tena, na wale waliobaki majumbani wakatoka nao, Rogathe akiwemo, na karai langu. Mwalimu Loth, ambaye kwao ni Ugweno na hajui habari hizi, alikuwa katikati ya msafara na koleo la jirani akiuliza tunakwenda wapi. Nilipanda mlima mzima nyuma ya jeshi langu nikipuliza warudi.

Tulipokaribia ndiva nikaona watu wenu wameshaingia kwenye tope. Walisikia nao. Wa Ikongwe na wa Mroyo hawakusalimiana hata, kila mmoja alikwenda mahali ambapo baba yake alikuwa anasimama. Melkizedeki alikuwa anatangaza kwa kipaza sauti kwamba kazi haijaitishwa na watu warudi majumbani.

Mimi nilisimama kwenye shamba letu la mwisho, mpakani na Ikongwe. Nilikumbuka kiapo, dada. Nisingevuka. Kisha nikauona ukuta. Ulikuwa na ufa wa kuingiza kiganja, upande wa kwetu, na maji yalikuwa yanatoka kama jasho pale. Niliona paa la nyumba yangu chini kabisa, limenyooka na ule ufa. Nikaingia. Sikuwaza kitu kingine.

Melkizedeki naye aliingia ili kumnyang'anya Lazaro koleo, na hakujua tope lile lina kina gani. Likamshika magotini, alipojitahidi likamshika mapajani. Watu wa Mroyo wakakusanyika kumtazama. Mzee Methusela akaegemea jembe, akamwuliza kwa upole kamati ina viti vingapi kwa ajili ya Mroyo. Akasema vimejaa. Wakarudi kazini. Baada ya muda akasema kimoja. Hakuna aliyegeuka. Aliposema viwili, tena kwenye kipaza sauti ili wote wasikie, walimvuta akatoka, buti moja likabaki huko na nadhani liko huko mpaka leo.

Haya. Tulipomaliza tukakukuta umekaa ukingoni, sufuria ya mama mbele yako imejaa makande, na masufuria mengine yote ya mateka yamepangwa pembeni nayo yamejaa. Watu walikula wakashukuru, hakuna aliyewaza. Lakini mimi, kama ulivyopenda kunikumbusha, nilikuwa jikoni. Makande ya watu wote wale hayaivi kwa muda wa pembe kulia. Mahindi yale yalilowekwa Alhamisi na kuwekwa motoni Ijumaa. Ni nani huyo uliyemsikia akisema watu watashuka kuchukua mbuzi?

Niliondoka bila kuingia kwako. Niliona aibu. Kiapo nilikivunja kabla viti havijatolewa, na watu wote waliniona.

Mvua ilianza jana, na ukuta umeshika. Shikamoo, dada. Sisi hatujambo.

Anderson


Ikongwe
1 Desemba 2024

Mdogo wangu Anderson, marahaba.

Sisi tu wazima kabisa. Kiuno kimepona chenyewe, na sasa nakaa kanisani mpaka baraka ya mwisho. Ndama anakula majani. Melkizedeki amenunua mabuti mengine na kipaza sauti amewapa vijana wa kwaya. Kikao cha kwanza chenye watu wa Mroyo kilifanyika juzi, wakagombana mpaka jioni kuhusu zamu za maji, na mimi niliwasikia kutoka jikoni nikasema sawa, sasa tuko nyumbani.

Makande nilipika kwa sababu nilikuwa na hamu ya makande. Huenda nilikosea vipimo. Hayo mengine siyajui, na barua ninayodaiwa kuandika naamini ulishaichoma kama ulivyoombwa.

Kitu kimoja nitakuambia bila mzaha. Ulipopuliza, nilikuwa nimekaa mekoni nakoroga. Nilikuwa naisubiri sauti ile tangu asubuhi, na bado ilipopanda bonde nilisahau kuwa ni wewe. Nilisimama nikaita, "Baba." Agape alinisikia. Nilikaa nikalia mpaka sehemu ya chini ya makande ikaungua kidogo, wewe mpishi lazima uliionja.

Kuhusu kiapo chako, jana nilimwuliza Mzee Methusela wanasemaje huko. Amesema kwamba kamanda aliyevunja kiapo akiwa na tope mpaka kifuani hawajamwona kamanda, wamemwona mtoto wa mpiga pembe. Wanasema ukikosa harusi wao watakuja bila wewe, na sufuria yako watakuletea ikiwa tupu.

Njoo, basi. Agape anapiga pasi kanga atakayovaa kutoka mlangoni, nami nimemwambia mafua yako yamepona. Njoo na pembe ya baba, tuiweke mezani mahali ambapo angekaa. Ila nakuomba, hata ukifurahi namna gani, usiipulize mpaka mtoto awe ametoka mlangoni na mkono wake uko mkononi mwako, maana nimealika pande zote mbili, na sitaki kubaki na bwana harusi peke yake wakati wageni wote wako ndivani na nguo za harusi.

Dada yako,
Beatha